Waliniambia ni Jina, Kumbe ni Tezi

Julai ile watu wa Ruiru walitembea wamejikunyata ndani ya makoti, ukungu umekaa juu ya mashamba ya kahawa mpaka jua lilipopanda, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka na blauzi isiyo na mikono, jasho likinitiririka mgongoni. Wateja walinitazama mara mbili. Mmoja aliniuliza kama nimetoka kukimbia. Nikamwambia kila mwili una hali yake ya hewa. Akalipia vigae vyake akaenda zake. Niliona nimemjibu vizuri. Wakati huo nilikuwa na jibu la kila kitu.

Ninaandika haya kwa sababu kuna mtu mahali fulani anaambiwa sasa hivi kwamba amebadilika tabia, au, vibaya zaidi, kwamba hatimaye ameonyesha tabia yake halisi, na hajui kwamba anahitaji kutolewa damu kidogo mkononi na kupimwa. Sitamwambia kwamba ugonjwa ni baraka. Mimi sikubarikiwa. Niliugua, nikatibiwa, na katikati ya hayo nikapotea mara mbili. Mambo ya kitaalamu nawaachia walioyasomea. Mimi nitaeleza ya benchi la wagonjwa.

Naitwa Nyambura. Kwetu jina haliokotwi. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Dada yangu Wanjiru alitangulia, akachukua jina la upande wa baba pamoja na upole wake. Mimi nikaja wa pili, nikapewa jina la cucu, yaani bibi mzaa mama, aliyekufa kabla sijazaliwa. Na mwenye jina huhesabiwa kuwa ndiye yule yule, kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kunifafanulia hata nilipouliza, na niliuliza sana. Mama huniita maitu, yaani mama yangu. Kaka yake, mjomba Kariuki, mwanamume mwenye mvi na duka la spea, huinuka kunipisha kiti nikiingia. "Maitu, umekula?" Nilipokuwa mdogo na nimekosea, mama aliinua mwiko, akausimamisha hewani, kisha akaurudisha mezani. "Sasa mimi nitamchapa mama yangu, aki?" Wanjiru alichapwa kwa niaba yetu sote wawili, na hajasahau.

Cucu Nyambura, kwa masimulizi yote, alikuwa moto. Mwembamba, ingawa alikula kuliko wanaume waliokuja kulima. Hakuweza kukaa. Aligombana na chifu, na wazee wa kanisa, na wanunuzi wa kahawa. Katika picha yake moja iliyobaki, macho yamejitokeza, yanamtazama mpiga picha kana kwamba amemtusi. Alianguka akipanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni, akafa palepale. "Alikufa akitembea," mjomba husema kwa fahari. "Hakuna kitu ingemsimamisha."

Chuoni nilisoma falsafa, na nilijifunza kuyaita mambo hayo ushirikina mtamu. Lakini nitasema ukweli: nilipoanza kuwa kama yeye, kuna sehemu yangu iliyofurahi. Mwaka mzima baada ya kuhitimu nilikuwa nauza vigae vya sakafu kando ya barabara, naishi chumba kimoja Gitothua, na sikujua mimi ni nani tena. Kila mahali watu walinihimiza nijitafute. Kanisani kwa kina mama, kwenye simu, hata kwenye mabango. Kuwa wewe halisi. Basi mwili wangu ulipoanza kuwaka, nikadhani nimejipata.

Nilipungua mpaka sketi zikawa zinazunguka kiunoni. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nilikula chapati nne nikabaki na njaa. Usingizi ulikuwa kitu cha watu wengine. Mawazo yalikuja kwa kasi, na mdomo uliyafuata, na kabla mtu hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshaimaliza kwa niaba yake na kuipinga. Niligombana na mwenye nyumba kuhusu maji. Niligombana na mpenzi wangu wa wakati huo kuhusu kama kuna kitu kinachoitwa mapenzi, na siku ya tatu ya mabishano hayo akanithibitishia kwamba kwake hakipo.

Julai hiyo hiyo mjomba Kariuki alitualika Kamakis kula nyama. Ilikuwa mimi, mama, na Wanjiru. Nilikula mbavu nikamaliza za kwangu nikahamia za Wanjiru, huku nikimweleza mhudumu kwa nini mizani yao haiwezi kuaminiwa. Kisha nikasimama. Sikuwa na pa kwenda. Sikuweza tu kuendelea kukaa.

Mjomba alikuwa ananitazama, kipande cha nyama kimesimama karibu na mdomo.

"Ngai," alisema. "Muone. Hebu mumuone."

"Nini sasa?" nikauliza.

"Hayo macho. Hivyo ndivyo mama alikuwa anasimama. Mkono kiunoni, anatafuta mtu wa kugombana naye."

"Sitafuti mtu."

"Na hivyo ndivyo alikuwa anajibu!" Alipiga meza. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Wanjiru peke yake hakucheka. Alinishika kifundo cha mkono kunirudisha kitini, akaacha vidole vyake pale kwa muda.

"Mbona unatetemeka?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Wacha yeye," mama akamkatiza. "Maitu alikuwa hivyo tu."

Nilitetemeka hivyo hivyo mpaka Agosti. Siku moja dukani nilichuchumaa kumwonyesha mteja kigae kilichokuwa rafu ya chini. Nilipotaka kuinuka, mapaja yalikataa. Hayakuuma. Yalikataa tu, kama punda aliyechoka. Nilibaki pale chini nikitabasamu, nikieleza ubora wa kigae kile kwa urefu ambao hakikustahili. Mteja, mama mnene aliyekuwa akijenga Gitothua, alinisubiri nimalize, kisha akanishika kwapani akaninyanyua. Hakuniachilia. Alikuwa ameushika mkono wangu na anasikiliza kwa vidole.

"Wewe, ulikuwa unakimbia?"

"Niko hapa tangu asubuhi."

"Basi ni nani anakimbia huko ndani?"

Sikuwa na jibu. Nakumbuka jinsi hali hiyo ilivyokuwa ngeni. Yule mama hakununua kigae siku ile. Alimwambia mwenye duka kwamba ninaenda kliniki, na hakumwambia kwa kumwomba.

Kliniki ikanipeleka maabara, maabara ikanirudisha kliniki, na kliniki ikaniandikia barua ya kwenda kumwona daktari wa tezi huko Thika. Nikafunga chumba changu nikarudi kwa mama. Ana kibanda cha chapati na maharagwe kwenye njia ya kuingia Kiandutu, hapo Thika, na nyumba ya vyumba viwili nyuma yake. Nilimkuta anakanda unga.

"Wanasema ni tezi ya shingo," nilimwambia. "Inafanya kazi kupita kiasi. Ndiyo maana ya joto, na kukonda, na macho. Na hasira."

Hakuacha kukanda. "Hiyo si ugonjwa. Hiyo ni jina."

"Mama, wamepima damu."

"Na wakapata nini huko ndani? Si damu ya mama yangu?"

"Moyo wangu unaenda mbio hata nikilala."

"Wake pia ulikuwa unaenda. Tukilala na yeye kitanda moja tulikuwa tunausikia. Kama mtu anabisha mlango."

Nikamtazama. "Mlikuwa mnausikia?"

"Eeh."

"Na hamkumpeleka hospitali?"

Mikono yake ikasimama ndani ya unga. "Unamwita mama yangu mgonjwa?"

Sikujua la kusema, kwa hiyo nikasema mengi. Wiki iliyofuata alizungumza nami kwa sentensi moja tu: "Chakula iko hapo." Mjomba naye alipiga simu kuniambia kwamba familia nzima imeishi miaka na miaka na heshima ya mama yao, na sasa mtoto wa jana anataka kuifanya iwe kitu cha kumeza na maji. Nilimwambia tezi haina heshima wala dharau. Akakata simu. Nikampigia tena ili nimalizie hoja.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuchoka na viatu vya raba. Alinigusa shingo akiwa amesimama nyuma yangu, akaniambia nimeze mate, akanyoosha karatasi juu ya vidole vyangu akaitazama ikicheza. Aliniandikia dawa ya kutuliza moyo na dawa ya kutuliza tezi. Akasema moyo kama wangu ukiachwa unaweza kuchoka ghafla, hata kwa kijana. Nikamfikiria cucu na ule mlima, na kwa mara ya kwanza sikuiona fahari yoyote ndani yake.

"Kutolala kutaisha," alisema. "Jasho litaisha. Hizo hasira, na kuongea mbio, navyo vitapungua."

"Vyote?"

"Vile vya ugonjwa."

"Na nitajuaje ni vipi vya ugonjwa na ni vipi vyangu?"

Aliacha kuandika. "Hiyo hatukufundishwa," alisema. "Rudi tupime tena baada ya wiki sita."

Hilo ndilo swali nililotoka nalo, na nitawaambia wazi, lilinitisha kuliko habari za moyo. Mimi ni mtu wa kuhoji. Ndivyo nilivyojulikana tangu darasa la kwanza. Kama kuhoji kwangu kulikuwa ni tezi inayochemka, basi nani aliyesoma chuo kile? Nani aliyeacha kanisa? Labda falsafa yangu yote ilikuwa ni homoni, na tembe ile ndogo ikimaliza kazi yake hakutabaki mtu.

Nilianza kumeza.

Benchi la kliniki ile lilikuwa refu na liliinama katikati, kwa hiyo wote tuliteleza polepole kuelekeana. Hapo ndipo nilipomjua Mama Mutua, mkulima kutoka mashariki ya Thika, aliyefunga shingo yake kwa leso ya maua. Alikuja na viazi vitamu vilivyochemshwa ndani ya mfuko, na aligawa bila kuuliza.

"Yako bado ni ndogo," aliniambia, akiipima shingo yangu kwa macho. "Mimi hii yangu imenizidi umri. Wajukuu wananiita Shosho Shingo."

"Na hukasiriki?"

"Nikasirike na nani? Si naiona kwa kioo?" Alitafuna kidogo. "Mwaka huu ndio imeanza kuniziba nikilala. Bwana yangu akasema, sasa enda, umeanza kuniamsha. Miaka yote ilikuwa inanisumbua mimi, hakuna mtu alisema enda."

Watu wa benchi walicheka, naye akacheka zaidi yao. Nilicheka pia. Ilikuwa muda mrefu sijakaa mahali kwa saa nzima.

Mijakaranda ilipochanua Oktoba, dawa zilikuwa zimeshika. Kwanza mikono ilitulia. Asubuhi moja nilijikuta nimekunywa kikombe kizima cha chai nikiwa nimekaa, na ilikuwa bado moto nilipoimaliza. Nikalala usiku kucha, nikaamka nikalia kwa raha. Kama uko katikati ya ugonjwa huu, zingatia siku hizo. Zinakuja.

Kisha dawa zikapita upande wa pili.

Mvua za Novemba zilinikuta nimejifunika blanketi na sweta mbili za Wanjiru. Uso ulijaa. Sauti ikawa nzito kama ya mtu aliyelala na koo wazi. Nilisoma ukurasa mmoja nikafika chini nisijue juu kulikuwa na nini. Na ule mtiririko wa maswali, ambao sikumbuki siku uliyowahi kunyamaza, ulikauka. Sikuhuzunika. Kuhuzunika nako kunahitaji nguvu. Nilijiambia: basi, ndiyo hali yangu hii. Chini ya makelele yote, huyu ndiye aliyekuwepo. Mtu mtulivu, mzito, asiye na la kusema.

Na watu walifurahi! Hilo ndilo gumu kulieleza. Wateja wa mama walisema nimenona, nimependeza. Jirani akasema nimeiva. Mjomba Kariuki alikuja, akaniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, akangoja niongeze kitu, sikuongeza. Akakaa kidogo, akasema ana kazi dukani. Mama alikuwa amenisamehe. Tulikunja nguo pamoja bila neno baya. Hakuniita mgonjwa, hakuniita maitu.

Jumapili moja ushirika wa kina mama ulikutana kwetu. Walialika mwinjilisti, kijana nadhifu wa rika langu. Baada ya nyimbo akaomba kunishika mkono, na akawaeleza kina mama kwamba shingo ni mlango wa maneno, kwamba roho ya ubishi ilikuwa imejenga kiota katika mlango huo, na sasa imefukuzwa.

"Amina," wakasema.

"Sasa hata ataoleka," akaongeza Mama Ciru, aliyekaa dirishani, na chumba kikajaa kicheko.

Mwinjilisti aliniuliza kama ningependa kutoa ushuhuda Jumapili ijayo mbele ya kanisa lote. Nikasema sawa. Kikombe chake kilikuwa kimeisha. Nikamwongezea chai.

Walipoondoka nilianza kukusanya vikombe. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, hajasogea.

"Ulimsikia huyo kijana?" aliniuliza.

"Nilimsikia."

"Amesema shetani alikuwa amejenga kwa shingo yako."

"Eeh."

"Na wewe ukamwongeza chai."

"Ilikuwa imeisha."

Alikuja akanipokonya sinia, akaliweka chini, akanishika uso kwa mikono miwili. Mikono yake ilikuwa ya moto, au uso wangu ulikuwa baridi.

"Juzi mjomba yako alisema dunia ni tambarare ukiangalia kutoka Thika. Alikuwa anakuchokoza. Nilimwona. Ukanyamaza. Jana nimechoma chapati, hukuuliza kwa nini. Tangu wiki ile ya mvua hujaniuliza kitu hata moja."

"Si mlitaka ninyamaze?"

"Nilitaka unyamaze kidogo," mama alisema. "Sikutaka uishe."

Kisha akakaa kwenye kiti cha mwinjilisti na kulia, na mimi nikasimama pale nikimtazama nisijue kwa nini sikuweza kulia naye.

Kesho yake hakufungua kibanda. Siku yangu ya kliniki ilikuwa bado mbali, lakini alinivisha koti akanipeleka. Muuguzi wa mlangoni alimwambia hatuko kwenye orodha ya leo. Mama akamwambia yeye hajui orodha, anajua mtoto. Tulikaa benchini mpaka mchana. Daktari alipotuita, mama hakungoja nikae.

"Daktari, huyu mtoto haulizi."

"Haulizi nini?"

"Hakuna kitu anauliza. Na huyu hata akiwa na miaka minne aliniuliza kama Mungu huwa anachoka. Kuna kitu mmezima."

Nilitegemea daktari atabasamu. Hakutabasamu. Aliniangalia usoni, akabonyeza ngozi ya mguu wangu, akagonga goti na kuutazama mguu ukirudi polepole. Akasema, "Mama, umefanya vizuri kumleta." Vipimo vilionyesha kwamba dawa ilikuwa imezidi, tezi imeshushwa kupita panapofaa. Akapunguza. Kwa hiyo yule mtulivu hakuwa mimi pia. Naye alikuwa kipimo cha dawa.

Tulikuwa tunasimama kuondoka mama aliporudi kukaa.

"Nauliza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Mama yangu alikuwa na macho hivi. Alikuwa anakula na hanoni. Na moyo wake ulikuwa unapiga hivi." Akagonga meza ya daktari kwa vidole, haraka haraka, jinsi alivyousikia akiwa mtoto.

"Siwezi kumpima mtu ambaye hayupo, mama. Lakini ugonjwa huu hutembea kwa familia."

"Na kama angepata hizi dawa?"

"Labda angekaa nanyi zaidi."

Nje, mama hakutaka kuondoka mara moja. Tulikaa kwenye ukuta mfupi karibu na lango, watu wakipita na miavuli.

"Alikuwa anasuka viondo," alisema mwishowe. "Nikiwa mdogo kabisa. Alikuwa anakaa chini, miguu mbele, mchana mzima, anaimba kwa pua. Halafu siku moja akaacha. Vidole vilikuwa vinakataa. Sisi tukasema hana subira."

Nilisogea karibu naye.

"Tulikuwa tunamwogopa, maitu. Akiingia kwa nyumba tunatoka. Kumbe yule tulikuwa tunamwogopa si yeye." Alifuta uso kwa kiganja. "Mimi mama yangu nilimwona miaka michache tu. Huyo mwingine ulikuwa ugonjwa, na sisi tukawapatia watoto jina lake."

Nilikuwa nimebishana naye juu ya jambo hilo tangu Agosti, na sasa nilikuwa nimeshinda. Sijawahi kuona ushindi usiotamanika kama ule. Nilimwambia kwamba hata ugonjwani cucu alimfikisha chifu mbele ya wazee na akashinda kesi ya maji, na tezi pekee haishindi kesi. Mama akacheka kidogo, na ule ndio uliokuwa mwanzo wangu wa kurudi, ingawa dawa mpya zilikuwa bado ndani ya mfuko.

Ushuhuda sikutoa. Mama ndiye aliyekwenda kumwambia mwinjilisti. Sijui alimwambia nini, ila kina mama waliponiona njiani waliniuliza habari za afya kwa makini, na Mama Ciru aliniletea maziwa.

Nilirudi polepole, na sitadanganya kwamba kulikuwa na siku moja ya nuru. Krismasi nilihisi joto la kawaida la Desemba, kama watu wote. Januari, vumbi likianza kupanda, nilirudi Ruiru. Mwenye duka alikuwa amenihifadhia nafasi. Nilichuchumaa nikainuka, nikachuchumaa tena bila sababu, kwa raha tu. Yule mama wa Gitothua alirudi, nyumba imefika kwenye sakafu. Alinishika mkono kabla ya kunisalimia. "Sasa yule wa ndani amekaa," alisema. Nilimuuzia vigae vya jikoni.

Na maswali? Yalirudi. Siku ya kwanza nililiona moja likija, nikaogopa. Nilidhani ni tezi imeanza tena. Nikajishika mkono, nikahesabu mapigo. Yalikuwa shwari. Moyo umetulia, mikono imetulia, na swali lilikuwa bado limekaa pale, halina haraka, linanitazama. Ndipo nilipojua. Zamani niliyatupa maswali kama mawe na kukimbia kabla hayajatua. Ile kasi haikuwa yangu. Wala ule ukimya. Nilichonacho ni hiki kidogo kilichobaki mara mbili, baada ya kuchemshwa na baada ya kugandishwa. Sijui nikiite nini. Watu wa mabango wangekiita nafsi halisi. Mimi natosheka kwamba kipo.

Wewe unayeugua sasa, usikubali mtu akuambie ndivyo ulivyo, hata akisema kwa upendo. Usiache dawa kwa kichwa chako mwenyewe, hata ukihisi zimekuiba. Rudi useme. Na ukienda kliniki, nenda na mtu anayekujua kwa makosa yako yote, maana kuna siku utapotea, na mwenyewe hutajua kuwa umepotea. Mjomba Kariuki naye, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea kwa familia, alikubali kupimwa baada ya kubembelezwa sana. Akakutwa mzima. "Mimi niko na jina la upande wa baba," alisema, na akainuka kunipisha kiti.

Mwezi uliopita nilikwenda Thika kwa ajili ya kliniki. Mama aliandamana nami kama kawaida, amevaa viatu vya kanisani. Daktari alisema vipimo ni vizuri, lakini tezi kama hii hupenda kurudia. Huenda baadaye tukalazimika kuiondoa kabisa, na baada ya hapo nitakuwa nameza tembe moja kila siku ya kuziba pengo lake. Si jambo la kutisha, alisema. Wengi wanaishi hivyo.

"Mkishaiondoa," nikauliza, "mtajuaje kiasi changu? Najua kuna kiasi cha watu. Nauliza changu."

Alitazama mlango. Nje mtu alikohoa, benchi likalia. "Nyambura, hilo ni swali la kukaa chini. Na nina foleni mpaka kwenye ngazi."

"Nitangoja."

"Inaweza kuwa jioni."

"Sawa."

Nilitoka nikakaa benchini, nikateleza kuelekea katikati kama wengine. Mama alikuwa amekwisha kusimama na mfuko wake begani.

"Tumemaliza? Twende?"

"Bado," nikamwambia. "Sijajibiwa."

Aliushusha mfuko begani. Kisha akavua vile viatu vya kanisani, akavisukuma chini ya benchi, na kukaa kando yangu.